Nani Kampaka Wekundu?

Mkono wa bibi harusi ulilazwa juu ya mto, kiganja kikitazama dari, na mchora piko alikuwa ameshafika kwenye kifundo. Chumba kilijaa harufu ya karafuu na mafuta ya mkaratusi. Wanawake walikaa mikekani mpaka mlangoni, na watoto, ambao siku kama hiyo hakuna anayejua awaweke wapi, walikuwa wamekusanywa mbele ya televisheni ili wasije wakakanyaga maua yaliyokuwa yakikauka miguuni mwa shangazi zao. Walikuwa wakiangalia Snow White, ile katuni ya zamani ya mwaka 1937. Mtoto wa kaka yangu, wa miaka sita, ndiye aliyeshika rimoti. Akabonyeza nisichokijua, picha ikaganda. Ikagandia usoni mwa binti wa hadithi, macho yakiwa nusu yamefumba, midomo imeachana kama ya mtu anayetaka kuanza wimbo. Na mashavuni mwake palikuwa na wekundu. Haukuwa wekundu wa rangi iliyojazwa hadi ukingoni. Ulianzia katikati ya shavu, ukafifia taratibu kuelekea sikioni, kama wa mtu aliyetoka juani sasa hivi. Mtoto akamtazama bibi harusi, akaitazama televisheni, akanigeukia: "Shangazi, na huyu nani kampaka?"

Nilitaka kumwambia, hapana mwanangu, hiyo ni katuni tu, haipakwi. Maneno yakanikwama, maana yangekuwa uongo. Alipakwa. Alipakwa na wanawake, wengi wao wasichana, waliokaa safu kwa safu kwenye meza za studio ya Walt Disney, barabara ya Hyperion, mjini Los Angeles. Mchoraji, ambaye karibu siku zote alikuwa mwanamume, alichora kwa penseli kwenye karatasi. Lakini karatasi ile haikupigwa picha. Ilipelekwa kwa akina dada, na dada mmoja akaweka juu yake karatasi ya seluloidi inayopitisha mwanga, akaufuatisha mchoro kwa wino, mstari kwa mstari, asiongeze wala asipunguze. Wino ukikauka karatasi ilipinduliwa, na dada mwingine akajaza rangi upande wa nyuma, ili mstari ubaki juu, safi, na rangi ikae chini yake. Walivaa glavu nyeupe za pamba zilizokatwa baadhi ya vidole, jasho la mkono lisichafue kazi. Mstari mrefu waliuvuta wamebana pumzi. Mkono ukitetemeka hata kidogo, nywele za binti zitacheza kwenye skrini kama nyasi za upepo, na hapo hakuna upepo.

Ila uso ulikuwa unawashinda. Rangi ya kujaza ni bapa, haijui kufifia, na shavu lililojazwa rangi bapa hubaki kuwa karatasi hata likitabasamu. Ndipo wakaanza kumpaka wekundu kwa mkono, juu ya seluloidi, karatasi baada ya karatasi, kila alipoonekana kwa karibu. Inasimuliwa kwamba Walt Disney aliwauliza watawezaje kuuweka wekundu ule mahali palepale kila mara, na mmoja wao akamuuliza naye: kwani anadhani wao wamekuwa wakifanya nini maisha yao yote? Nalipenda jibu hilo. Siku zote nimeamini kwamba kuna elimu inayokaa mikononi mwa wanawake bila kuitwa elimu: namna ya kupaka wanja kwenye jicho linalopepesa, namna ya kujua kwa kugusa tu kwamba hina imeshaiva. Hapo Los Angeles elimu hiyo iliingia kiwandani, ikafanya kile ambacho mashine na maabara ya rangi havikuweza.

Tena si mara moja. Sekunde moja ya filamu hula picha 24, na filamu ile ina dakika 83. Zidisha mwenyewe, utakaribia picha 120,000. Na picha moja yaweza kubeba karatasi kadhaa, binti kwenye yake, ndege kwenye yake, kulungu kwenye yake, zote zimepangwa juu kwa juu. Mtoto wa kaka yangu alikuwa ameigandisha moja tu kati ya hizo, picha ambayo mwenye kuitazama filamu kwa kawaida huiona kwa muda usiotosha hata kupepesa jicho. Aliyeipaka alijua hivyo. Alijua kwamba wekundu wake utapita usionekane, na kwamba usipokuwepo ndipo utakapoonekana. Papo kwa papo kamba hukata jiwe, walisema wazee. Lakini anayelitazama jiwe lililokatika humkumbuka nani aliyekuwa akiivuta kamba?

Katika Kiswahili neno kioo lina kazi nyingi, na sijawahi kulifurahia kama nilipoanza kuifikiria filamu hii. Cha kujitazamia ni kioo. Cha dirishani ni kioo. Cha televisheni ni kioo. Hadithi yenyewe inaanza na kioo, kile cha malkia, kinachoulizwa kila siku nani mzuri kuliko wote, na siku moja kinajibu jina asilolitaka. Inakwenda kuishia kwenye kioo kingine, jeneza la kioo walilomlaza binti kwa sababu hawakuwa na moyo wa kumzika ardhini. Na katikati, mahali ambapo mtazamaji hapaoni, pana vioo vingine tena. Kwenye meza ya kila mchoraji wa studio ile kulikuwa na kioo cha kujitazamia. Mchoraji akitaka hasira, alikunja uso wake mwenyewe, akatazama ndita zilivyojipanga, akachora. Akitaka mshangao, aliinua nyusi zake. Malkia yule mwenye uso uliokatika kama kisu alichorwa na Art Babbitt; kikongwe mwenye tofaa alichorwa na Norman Ferguson. Kwa hiyo malkia anapokitazama kioo chake kwa ghadhabu, nyuma ya ghadhabu ile yupo mwanamume aliyekuwa akijitazama kwenye kioo chake. Tofauti yao ni swali. Malkia aliuliza, je, mimi ni mzuri? Fundi aliuliza, je, hasira inakaaje usoni? Swali la kwanza lilizaa sumu. La pili lilimzaa malkia mwenyewe.

Kulikuwa na kioo kikubwa zaidi. Katuni nyingi za kabla ya filamu hii zilionekana bapa, watu wakitembea mbele ya pazia. Studio ikajenga mtambo wa chuma wenye urefu wa karibu mita 4, wenye vitanda vya vioo vilivyopangwa ghorofa kwa ghorofa, na kamera juu kabisa ikitazama chini kama mtu anayechungulia kisimani. Kioo cha juu kilichorwa matawi ya karibu, cha katikati miti, cha chini kasri na mbingu. Kila ghorofa ilisogezwa kwa kipimo chake, na ghafla msitu ukawa na kina, ukawa mahali ambapo mtoto anaweza kupotea. Walikuwa wamekwisha kuujaribu katika filamu fupi ya The Old Mill mwaka huohuo wa 1937. Nikimwona binti akikimbia msituni gizani, macho yakimmulika kutoka kila kichaka, nakumbuka kwamba msitu ule ni vioo vilivyopakwa rangi, na bado naogopa.

Hofu hiyo lakini haikuanzia kwenye mtambo. Ilianzia kwenye kinywa. Walt Disney alikuwa kijana wa kuuza magazeti mjini Kansas City alipoiona hadithi hii mara ya kwanza, filamu bubu iliyochezwa na Marguerite Clark, na haikumtoka kichwani. Jioni moja ya mwaka 1934 aliwakusanya wachoraji wake kwenye ukumbi wa kurekodia sauti, akasimama peke yake mbele yao, akawasimulia. Alisimulia kwa saa kadhaa. Akawa malkia, akawa binti, akawa kila kibete kwa zamu yake, akajikunja mgongo akawa kikongwe. Wasimulizi wetu wangemwelewa. Bibi yangu aliposema "Paukwa!" nasi tukaitika "Pakawa!", alikuwa amekwisha kuacha kuwa bibi: sungura akisema, ilikuwa sauti ya sungura, na fisi alikuwa na pumzi yake. Naamini filamu ile ilikamilika usiku ule. Miaka mitatu iliyofuata ilikuwa ni kazi ya mamia ya watu kujaribu kuifikia hadithi waliyokwisha kuiona kwenye uso na mikono ya mtu mmoja.

Naye aliipokea kwa wengine. Ndugu wawili wa Kijerumani, Jacob na Wilhelm Grimm, waliichapisha mwaka 1812, na hadithi nyingi za kitabu chao walisimuliwa na wanawake, wengine wasichana wa familia walizojuana nazo, ambao majina yao hayakuwekwa kwenye jalada. Katika chapa ile ya kwanza anayetaka binti auawe ni mama yake mzazi. Mama aliyemtamani mtoto mweupe kama theluji, mwekundu kama damu, mweusi kama mpingo, huyohuyo ndiye anayemwagiza mwindaji amletee mapafu na ini. Chapa ya 1819 ikamtoa mama, ikamweka mama wa kambo. Naelewa kwa nini. Kuna jambo ambalo mtu hataki kulisoma mbele ya mwanawe. Ila mzigo ule ulipotuliwa begani mwa mama mzazi ulitwikwa mtu mwingine, na kutoka hapo mama wa kambo wa dunia nzima wameubeba. Mimi nimelelewa na mama wa kambo. Alinisuka nywele kila Ijumaa kwa miaka minane, na sikumbuki mara hata moja alipovuta kwa nguvu. Kila nionapo uso wa malkia yule kwenye skrini, mzuri na baridi, moyo wangu humtetea mwanamke ambaye hadithi haikuwa na nafasi yake.

Studio nayo ilibadilisha mengi. Katika kitabu malkia huja mara tatu, na ukanda wa kumbana kifua, na kitana chenye sumu, na tofaa. Filamu ikabakiza tofaa. Katika kitabu binti hazinduki kwa busu. Wabeba jeneza wanajikwaa, kipande cha tofaa kinamtoka kooni, anaamka. Malkia anaalikwa harusini, anavishwa viatu vya chuma vilivyookwa motoni, anacheza mpaka anakufa. Filamu ilimwangusha kutoka mwambani, kisha ikatuonyesha tai wawili wakishuka polepole. Na vibete saba, ambao ndugu Grimm hawakuwapa hata jina, wakapewa kila mmoja jina, tabia, na namna yake ya kutembea. Hilo ndilo tendo kubwa kuliko yote, na ndilo lililokula muda. Mmoja wao hasemi neno lolote tangu mwanzo hadi mwisho, na watoto ndiye wanayempenda. Wale wa chumba kile cha harusi walimcheka kabla hajafanya kitu.

Maji ukiyavulia nguo huna budi kuyaoga. Bajeti ya kwanza ilikuwa dola 250,000. Kazi ilipokwisha ilikuwa imekula karibu milioni moja na nusu, wakati Marekani ilikuwa bado haijatoka kwenye dhiki kuu ya uchumi. Watu wa Hollywood waliuita mradi ule wazimu wa Disney. Nani atakaa saa nzima na zaidi akitazama michoro? Macho yatamuuma, walisema. Ndugu yake, Roy, aliyeshika mfuko, alihangaika na mikopo. Fedha zilipokauka ilibidi wamwonyeshe ofisa wa Bank of America, Joseph Rosenberg, filamu isiyokwisha, mahali pengine rangi kamili, mahali pengine michoro ya penseli tu, na Walt akijaza mapengo kwa mdomo. Walt mwenyewe alikuwa akisimulia kwamba yule bwana alikaa kimya mwanzo hadi mwisho, akatoka, akazungumzia mambo mengine njia nzima, akafika kwenye gari lake ndipo akamwambia kwamba kitu kile kitamletea fedha nyingi sana.

Katikati ya ukata huo wakatupa kazi iliyokwisha kufanywa. Ward Kimball, kijana mwenye kipaji cha vichekesho, alitumia miezi mingi kuchora vibete wakinywa supu, kila mmoja na mfyonzo wake. Ilikuwa nzuri. Ikakatwa, kwa sababu hadithi ilikuwa na haraka ya kumrudia malkia. Kimball nusura aondoke. Nimeiona baadaye sehemu hiyo ya supu, michoro mitupu ya penseli, na nakubali kwamba ilistahili kukatwa, na nakubali pia kwamba mimi nisingekuwa na moyo wa kuikata.

Tarehe 21 Desemba 1937 filamu ikaonyeshwa kwa mara ya kwanza katika ukumbi wa Carthay Circle, Los Angeles. Walikaa humo watu wa sinema wenyewe, wale waliokuwa wakisubiri wazimu uthibitike. Walicheka mahali pa kucheka. Lakini jambo lililowashangaza waliochora filamu ile, waliokuwa wamekaa miongoni mwao, lilitokea pale binti alipolazwa. Ukumbi ulilia. Watu wazima, waigizaji ambao kazi yao ni kuliza wengine, walitoa leso kwa ajili ya wino na rangi.

Sehemu ile ilichorwa na Frank Thomas, na nimeirudia mara nyingi kutafuta machozi yanatoka wapi. Karibu hakuna kinachotendeka. Mishumaa inawaka. Vibete wamesimama, vichwa vimeinama. Studio iliyokuwa imejifunza kurusha, kuangusha, kunyoosha na kubonyeza kila kitu iliamua hapo kutofanya lolote. Chozi linateremka, kichwa kinainama kidogo zaidi, mkono unasogea nusu ya safari kisha unaacha. Yule mwenye hasira, aliyempinga binti tangu siku ya kwanza, anageuka ili asionekane, na kugeuka kwake kunauma kuliko kilio. Nimekaa kwenye misiba mingi. Nimeona kwamba waliao kwa sauti huwa tunajua tuwafanyeje, tunawashika, tunawapa maji. Anayetushinda ni yule mjomba anayesimama nyuma ya nyumba akiutazama ukuta. Frank Thomas alimjua mjomba huyo. Alimjua vizuri kiasi cha kumtosheleza kwa mistari michache, na mistari hiyo ikaenda kwa dada mwenye glavu, akaifuatisha bila kuongeza wala kupunguza. Najiuliza kama yeye naye, akiipokea karatasi moja baada ya nyingine asijue inayofuata, aliuona msiba, au aliona mstari tu.

Mafanikio yalikuja kama mafuriko. Katika ukumbi mkubwa wa Radio City, New York, ilikaa wiki tano, jambo lisilo la kawaida pale. Kwa mzunguko wake wa kwanza iliingiza takriban dola milioni 8, na wengi wa watazamaji walikuwa watoto waliolipa senti chache tu. Kwa muda ikawa filamu ya sauti iliyoingiza fedha nyingi kuliko zote. Mwaka 1939 Shirley Temple, naye mtoto wa miaka kumi, alimkabidhi Walt tuzo ya Oscar ya heshima, sanamu moja kubwa na ndogo saba zimepangwa ngazi kwa ngazi. Studio ikahamia Burbank, kwenye majengo mapya.

Na kwa fedha hizo wana wawili walifanya lile ambalo mwana yeyote angelifanya. Wazazi wao, Elias na Flora, walikuwa wametimiza miaka 50 ya ndoa. Walt na Roy wakawanunulia nyumba karibu nao. Novemba 1938, miezi kama kumi na moja baada ya usiku wa Carthay Circle, mtambo wa kupasha nyumba ile joto ukavuja hewa yenye sumu. Mama yao akafariki. Baba aliokolewa. Nimejaribu kuliandika jambo hili kwa namna nyingi, na kila namna ilitaka kulifanya kuwa fumbo, filamu inayoanza kwa mtoto aliyefiwa na mama, sumu inayoingia nyumbani ikiwa zawadi. Nimeyafuta yote. Alikuwa mama wa watu. Aliwekwa mahali pazuri na wanawe waliompenda.

Mwaka huohuo wa 1938 msichana mmoja aliandika kuomba nafasi ya kujifunza uchoraji katika studio ile. Barua ya kumjibu ipo hadi leo, imepigwa taipu kwenye karatasi yenye nembo iliyopambwa kwa picha za Snow White. Inamweleza kwa adabu kwamba wanawake hawafanyi kazi yoyote ya ubunifu katika kutayarisha katuni, kwamba kazi hiyo hufanywa na vijana wa kiume, na kwamba nafasi pekee ya wasichana ni kufuatisha mistari kwa wino na kujaza rangi kwa nyuma. Nimeisoma mara nyingi, na kila mara jicho langu huliacha neno likapanda juu kwenye picha ya binti, nikamtazama mashavu. Ukuta wa barua ile haukukosa matundu; kulikuwa na wanawake wachache waliopenya, kama Hazel Sewell na Dorothy Ann Blank, ambao majina yao yamo katika filamu. Ya wapiga wino hayamo. Wala halimo la Adriana Caselotti, aliyempa binti sauti yake, wala la Marjorie Belcher, msichana aliyecheza na kutembea mbele ya kamera ili wachoraji waone gauni linavyopepea binti akigeuka. Mwanzoni mwa filamu kuna maneno ya shukrani yenye saini ya Walt, akiwashukuru wafanyakazi wake wote kwa uaminifu na ubunifu wao. Neno ubunifu limo hapo. Naamini aliliandika kwa moyo. Lakini shukrani kwa wote ni kama mvua: hailengi kichwa cha mtu.

Mei 1941 mamia ya wafanyakazi wa studio waligoma. Walikuwa na mengi: mishahara isiyolingana, marupurupu waliyoyatarajia baada ya ushindi mkubwa, na majina yao kutoonekana kwenye skrini. Miongoni mwa waliosimama mbele nje ya lango alikuwa Art Babbitt, yuleyule aliyemchora malkia.

Na zile karatasi za seluloidi, ziko wapi? Chache zilifungwa kwenye fremu, zikauzwa kupitia duka la sanaa la Courvoisier la San Francisco. Nyingi ziliharibika, zikatupwa, au zikaoshwa. Nalifikiria hilo la kuoshwa zaidi ya yote. Kitambaa chenye maji kinapita juu ya shavu, wekundu unatoka, nyusi zinatoka, karatasi inabaki tupu, tayari kwa uso mwingine. Nilipokuwa binti nilikuwa nikisikitika hina ikianza kutoka, siku ya saba, ya kumi, maua yakiliwa na sabuni na vyombo vya jikoni. Bibi aliniambia hina isiyotoka ni kovu.

Yote haya sikumweleza mtoto wa kaka yangu. Nilimwambia: walikuwa wasichana, wengi, mbali sana, zamani sana, walimpaka kwa mkono. Akauliza walikuwa wangapi. Nikamwambia wanajaa nyumba hii na ya jirani. Akaitazama rimoti, akabonyeza tena, mara hii kwa makusudi, na picha ikasogea hatua moja. Akabonyeza tena. Kope za binti zikashuka unywele mmoja. Tena, zikashuka mwingine. Wekundu ulibaki mahali pake. Watoto wengine walilalamika wanataka vibete, naye hakusikia. Alikuwa anamfumbisha macho binti kidogo kidogo, kwa kidole chake.

Mchora piko alikuwa amemaliza mkono wa kulia. Aliinua kichwa kunyoosha shingo, macho yake yakaangukia televisheni, yakakaa hapo. Ni mwanamke wa makamo, hazungumzi sana akiwa kazini. Alisogea, akainama mpaka uso wake ulipokaribia kioo, akaufuatisha kwa kidole mstari wa nyusi, bila kugusa, kutoka puani kwenda nje.

"Hii ni ya mkono," alisema.

Nikamwambia ndiyo, ni ya mkono.

"Aliyeuvuta hakupumua mpaka mwisho." Akautazama tena, pale mstari unapokonda na kuisha. "Hapa ndipo alipopumua."

Akarudi kwenye mto, akauchukua mkono wa kushoto wa bibi harusi, akaugeuza kiganja juu.